Mikono ya Baba Mkwe Ambayo Sijawahi Kuishika

Mpendwa Shangazi Tryphosa,

Nakusalimu kutoka Manga, huku juu mlimani, nikitumaini uko salama wewe na wote wanaosoma ukurasa wako, nami naomba unisaidie kwa sababu nimesoma majibu yako mara nyingi na najua hata ukimgombeza mtu humwachi bila njia, na mimi nataka njia, kugombezwa nitavumilia. Niliachia shule darasa la nane kwa hivyo mahali nimeandika vibaya utanisamehe, tena naandika kwa simu na mtoto wangu Mokeira amelala mgongoni, nikikatiza katikati ujue ameamka.

Shida yangu ni ngozi ya baba mkwe wangu, Mzee Zachariah. Mama mkwe alitutoka, na tangu hapo mimi ndiye ninayempikia mzee na kumfulia, kwa sababu mume wangu Ochoki anachonga vinyago vya mawe ya sabuni kule Tabaka na hurudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijatua ili tuingie Sabato pamoja, na dada yake Gladys ana duka la nguo Kisii mjini, kwa hivyo katikati ya wiki kwenye boma ni mimi, Mokeira na mzee. Na mzee huyu nampenda Shangazi, sikudanganyi. Nilipoolewa nilikuwa sijui hata kupika chinsaga, ile mboga yetu chungu, nikampelekea hivyo hivyo, akala akamaliza sahani kisha akasema kwa sauti ili nimsikie kule jikoni, "Hii mboga imenikumbusha dawa ya minyoo, lakini nitaizoea," na kwa huo utani wake nilicheka nikaacha kuogopa nyumba ya watu.

Sasa ngozi yake ya mikono, kutoka kiwiko kushuka, na ya miguu hapa mbele kwenye mfupa, imekuwa nyembamba kama lile ganda la ndani la kitunguu, ukimwona anainua kikombe unaona mishipa yote imelala hapo juu, na ana madoa ya zambarau makubwa makubwa, mengine yakififia yanakuja mengine, na akikwaruzwa na matawi ya majani chai ngozi inainuka kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, damu inatoka, na kidonda kinakaa wiki na wiki hakitaki kufunga. Kuna siku alibandika plasta, wakati wa kuibandua plasta ikaja na ngozi. Jirani yetu Nyaboke akamwuliza pale kwenye kituo cha chai, "Mzee, umepigana na paka?" Naye akajibu, "Nimepigana na majani chai, na kilo zangu nimeleta, wewe zako ziko wapi?" Watu wakacheka, lakini mimi niliona vile anashusha mkono wa shati haraka.

Pengine utasema Shangazi, si umpake tu mafuta, na hapo ndipo penye ugumu. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoita chinsoni, mke wa mtoto na baba mkwe hatusalimiani kwa mkono, siingii chumba chake cha kulala, na mambo ya mwili wake hayapiti mdomoni mwangu kabisa. Chakula naweka mezani, nasema, "Baba, chakula kipo," nageuka naenda. Tangu niolewe mkono wake sijawahi kuushika hata siku moja. Kwa hivyo nilichukua avokado zilizoiva kupita kiasi, nikaziponda, nikazipika kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga, nikachuja kwa kitambaa safi nikajaza chupa ya jemu, kazi ya asubuhi nzima, nikaweka mezani pake nikasema, "Baba, kuna mafuta hapo." Sikuweza kusema ni ya nini. Sabato iliyofuata mzee akatoka na viatu vinang'aa unaweza kujiona, na mbele ya kanisa akawaambia wazee wenzake, "Haya mafuta ya mke wa Ochoki yanashinda rangi ya dukani!" Nilitaka kucheka nikataka kulia.

Mimi naamini dawa za asili, Shangazi, na nina sababu. Mwaka jana mzee alikuwa na magoti mabaya, alikuwa hawezi kushuka mpaka shambani, anakaa tu kwenye kiti analaumu mvua. Halafu akanunua sokoni unga wa miti shamba wa magoti, kopo lina picha ya mzee anaruka kamba, limeandikwa asili tupu, na baada ya siku chache tu, amini usiamini, mzee alisimama akashuka shambani akachuma chai. Mpaka leo mimi ndiye ninayemkorogea kwenye uji wa wimbi kila asubuhi maana unga wenyewe ni mchungu. Na afya imemrudia, anakula ugali kama kijana wa kulima, uso umejaa umekuwa mviringo, akina mama wa kanisa wananisifu eti namtunza vizuri, hata usingizi hautaki tena, anaamka jogoo bado hajawika anaanza kufagia uwanja akiimba. Ni ngozi tu ndiyo inakataa.

Yule muuzaji wa sokoni nilipomweleza kwamba kuna mtu wetu ngozi imekuwa nyepesi, alifurahi sana, akasema ana unga mwingine wa ngozi unaoendana na ule wa magoti, na kwamba ule wa magoti tuongeze kijiko ili zifanye kazi kwa pamoja. Gladys naye ameleta unga wa kolajeni wa kuchanganya na maji na vidonge vya vitamini E na vya mafuta ya samaki, ameambiwa na mteja wake.

Sasa nikuambie kinachoniumiza. Gladys alipoleta hizo dawa ilikuwa Sabato, mzee akatoa koti kwa sababu ya joto, na Gladys akaona mikono. Alinifuata jikoni.

"Mama Mokeira, nani amemshika baba namna ile?"

"Hakuna, wifi. Ni ngozi tu."

"Ngozi haijipigi. Yale ni madoa ya vidole. Mimi nimelea watoto, najua mkono uliovutwa."

"Vidole vya nani, wifi? Hapa tuko nani?"

Akaniangalia akasema, "Hilo ndilo nauliza."

Mzee mwenyewe aliitwa aseme, akasema ni majani chai, lakini Gladys anasema wazee hufunika mambo ili wasiharibu nyumba za watoto wao, na kwamba mwisho wa mwezi familia itakaa chini, na baba atahamia kwake mjini, kwenye ghorofa, mbali na shamba lake, mbali na kanisa lake. Na Ochoki wangu, ambaye hajawahi kunikosea neno, tulipobaki wawili aliniuliza polepole, "Mama Mokeira, una uhakika hakuna siku ulimvuta, labda akiteleza?" Mimi, Shangazi! Mimi ambaye siwezi hata kumpokea kikombe mkononi. Nilimwambia ampake baba yake mafuta basi aone mwenyewe, akanionyesha viganja akasema, "Na hii misasa? Nitamchuna mzee."

Swali langu ni hili. Katika hizi tatu, unga wa ngozi wa yule muuzaji, mafuta yangu ya avokado, na hizo kolajeni za Gladys, ni ipi itanenepesha ngozi ya mzee haraka, kabla ya mwisho wa mwezi, ili akikaa mbele ya familia mikono iwe safi na mimi niwe safi? Najua dawa ipo, Mungu hakuweka miti bure, na najua mzee atapona. Nionyeshe tu ni ipi. Mokeira ameamka.

Mimi wako,
Mama Mokeira, Manga

SHANGAZI TRYPHOSA ANAJIBU

Mama Mokeira,

Mbebe mtoto vizuri usome hadi mwisho, kwa sababu kuna jambo la kufanywa wiki hii, na katika hayo matatu uliyoniuliza halimo.

Kwanza tuondoe hili la vidole. Ngozi ya mzee aliyechuma chai juani maisha yake yote huwa nyembamba, mishipa yake midogo hukosa mto wa kulalia, na damu huvuja chini ya ngozi kwa kugongwa kidogo tu na kikapu, na mkono wa kiti, na tawi. Madoa ya zambarau huja bila mtu yeyote kumshika. Wazee wengi wanayo, wanaopendwa na wasiopendwa. Mzee Zachariah aliposema ni majani chai alisema kweli, na Gladys, ikiwa unasoma hapa, ninajua ulimtetea baba yako, na binti anayemtetea baba sina ugomvi naye. Lakini ulimwuliza wifi yako swali ukiwa tayari una jibu. Utamwomba radhi, tena jikoni palepale.

Sasa nije kwako, mwanangu, na hapa nitakugombeza kama ulivyoruhusu.

Umeniandikia habari kubwa kuliko zote ukaipitia mbio kama salamu: kopo la mzee anayeruka kamba. Mtu aliyeshindwa kusimama anasimama baada ya siku chache. Anakula kama kijana. Uso unakuwa mviringo. Usingizi unakimbia. Ngozi inakuwa ganda la kitunguu, vidonda havifungi. Wewe umeyasoma hayo kama afya na shida moja ndogo pembeni. Mimi niliyasoma mara mbili, kisha nikampigia daktari ninayemtegemea kwa mambo ya mwili, nikamsomea barua yako bila kutaja jina. Akaniuliza kitu kimoja tu: kuna mtu amewahi kupima kilichomo ndani ya hilo kopo?

Kuna dawa za hospitali zinazoitwa steroidi. Zikitolewa na daktari kwa kipimo na kwa sababu, ni dawa nzuri. Lakini kuna watu huzisaga na kuzichanganya kwa siri kwenye unga wa miti, ili magoti yapoe upesi na wateja warudi. Mtu akizinywa miezi mingi bila kujua, mwili hufanya haya hasa uliyoniandikia, na ngozi ni mojawapo ya vitu vya kwanza kuliwa. Sisemi ndivyo ilivyo kwenye kopo lenu, sijaliona, na kopo halijapimwa. Nasema dalili zinafanana mno, na hatuwezi kukaa tunapika avokado kana kwamba hatujaziona.

Sasa shika hili kwa mikono miwili: kopo usilimwage. Najua mkono umeshaenda kwenye kopo. Uache. Kama ndani yake mna hiyo dawa, mwili wa mzee umeshaizoea na umeacha kutengeneza ya kwake, na ukimkatia ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Endelea kumkorogea kijiko kilekile cha kila siku mpaka daktari aseme, usiongeze hata punje, na mzee apelekwe hospitali ya kaunti kesho au keshokutwa, msingoje hiyo siku ya familia. Daktari ndiye atakayeamua kama inapunguzwa, na kwa mwendo gani. Kopo liende pamoja na mzee, na unga uliobaki ndani. Waambie waangalie sukari na presha pia. Na akianza kutapika, kizunguzungu, kuishiwa nguvu, kupata homa, kupata choo cheusi, au kidonda kikivimba na kutoa usaha, msingoje kesho wala boda ya jirani irudi, mwende siku hiyo hiyo.

Yule muuzaji aliyefurahi kusikia ngozi imeharibika, na dawa yake ya pili akiwa nayo tayari mfukoni, mpite sokoni kama hamjawahi kuonana.

Avokado yako haina kosa. Mafuta yale yanalainisha ngozi na kuzuia isikauke na kupasuka, na hiyo ni kazi ya maana, lakini hayainenepeshi, na mtu akikuahidi kuinenepesha kabla ya mwisho wa mwezi anakudanganya. Mafuta ya kawaida ya mgando, yale yasiyo na manukato unayompaka Mokeira, yanafanya kazi hiyo hiyo na huhitaji kupoteza asubuhi nzima jikoni. Yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, mahali pazima, kamwe yasipakwe juu ya kidonda. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, sabuni kidogo, na taulo liguse tu bila kusugua.

Kolajeni ya Gladys haitazuia tawi la chai kumchana, aiweke. Vile vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini E vingoje kabisa, maana kwa wengine huongeza kuvuja damu, na huyu tayari anavuja. Mpe chakula. Mayai, maharagwe, maziwa, omena, na mapera, yale yanayoanguka chini ya mti watu wakawaachia ndege. Na hiyo chinsaga. Sasa umeijua kuipika, kwa hiyo hana pa kujitetea.

Plasta ya kunata isiguse tena ngozi ile. Ikichanika, ioshwe kwa maji safi, kile kipande cha ngozi kirudishwe taratibu mahali pake kama unavyorudisha shuka, juu yake kitambaa cha hospitali kisichonata, kisha bandeji laini isiyobana. Hospitali wawaonyeshe namna. Na chukua soksi ndefu za kuchezea mpira zilizochakaa, zifue, kata sehemu ya vidole, azivae mikononi kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko ndani ya shati anapoenda shambani. Vijana wa mpira watamcheka. Kwa majibu yake niliyoyasoma, nawahurumia hao vijana.

Sasa chinsoni. Nimeona mshauri akiandika kwenye gazeti kwamba mila kama hizi zitupwe, mimi sitakuambia hivyo. Heshima hiyo umeibeba vizuri, na ndiyo iliyokutetea bila wewe kujua, kwa sababu kila mtu Manga anajua mke wa mtoto hamshiki baba mkwe. Lakini nakuuliza: chinsoni ilikukataza wewe kuishika mikono ile, je, ilimkataza nani mwingine? Mzee ana mtoto wa kiume anayelala nyumbani kila Ijumaa. Ana binti anayefika na mifuko ya dawa. Kila mmoja alikaa mbali akidhani heshima inamfunga, ngozi ikaendelea kuliwa, halafu lawama ikamwangukia yule pekee ambaye kweli amefungwa. Mikono kuanzia kiwiko na mguu hapo mbele si siri ya kumficha mtoto wako wa kuzaa.

Kwa hiyo hospitali ataenda na Ochoki na Gladys, wote wawili, duka lifungwe na jiwe lingoje. Wewe utabaki na Mokeira na kazi za boma. Nataka daktari awaeleze wao kwa masikio yao yale madoa yanatoka wapi, ili siku familia ikikaa wewe usilazimike kujitetea hata kwa neno moja. Mzee abaki kwenye shamba lake. Kama magoti yatarudi kuuma dawa ile ikipunguzwa, na huenda yakauma, daktari atampa njia nyingine ya wazi, na chai ichumwe na kibarua mpaka atakapopata nafuu. Ngozi ya umri wake haitarudi kuwa ya kijana. Lakini chanzo kikiondolewa na ikitunzwa, vidonda hufunga na madoa hupungua, nimewaona wazee wa namna hiyo kwa macho yangu.

Ochoki, na wewe njoo hapa. Viganja vyako ni misasa, sawa. Lakini mchonga mawe hamalizi kazi kwa msasa. Unamaliza kwa nta, kwa mkono mwepesi, ukizunguka shingo ya twiga bila kuivunja, na ukiivunja siku nzima imepotea. Mkono huo unao. Mafuta yayeyuke kwanza katikati ya viganja, kisha uviweke juu ya mkono wa baba yako, uvishushe kuelekea kwenye vidole, bila kusugua. Ijumaa ukifika, kabla jua halijatua, viti viwili uani, wewe na yeye. Siku nyingine ajipake mwenyewe, akishaonyeshwa ataweza. Na swali lile ulilomwuliza mke wako polepole, mjibu mwenyewe, polepole vilevile, kwamba ulikosea.

Na wewe, Mama Mokeira, mafuta ya avokado yaliyobaki yapeleke mezani pamoja na chakula kama kawaida yako, useme chakula kipo, ugeuke uende. Ila ukifika mlangoni simama kidogo, usimtazame, usitaje mkono wala mguu. Sema tu, "Baba, haya si ya viatu."

Atakuelewa.

Shangazi Tryphosa